Anayeshika Mpigo: Kuisoma Picha ya Bendi ya Jeshi kutoka Ruziba

Picha ya zamani ya bendi ya jeshi ikiwa gwarideni ina kitendawili ndani yake. Kilichowaleta watu wale uwanjani ni sauti, na sauti ndiyo kitu pekee ambacho karatasi haikuweza kukibeba. Tunaona mashavu yaliyojaa pumzi, tunaona mkono umeinuliwa juu ya ngoma, tunaona mdomo mpana wa tarumbeta umetukabili, na hatusikii chochote. Ndiyo maana wengi huipita picha ya namna hii haraka haraka: hizi ni sare za enzi zile, yule ni ofisa wao, ule ni mji kabla haujajengwa, kisha hugeuza ukurasa. Mimi nadai kwamba picha hii haikunyamaza kiasi hicho. Ina kanuni za umbo, na kanuni hizo zikifuatwa moja moja zinatuambia ni nani aliyekuwa anashika mpigo siku ile. Jibu lake halilingani na lile ambalo mpiga picha alitaka tulione.

Nauliza swali hili nikiwa Ruziba, na mahali pana uzito wake. Ruziba ni ukingo wa kusini wa jiji la Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda Rumonge, Ziwa Tanganyika likiwa upande mmoja na vilima upande wa pili. Ukiendelea kusini, Mugere, kuna jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliopita mwaka 1871. Ukirudi kaskazini, jijini, ndipo Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi cha Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na ndipo Force Publique, jeshi la Wabelgiji wa Kongo, lilipoingia mwaka 1916. Miaka yote hiyo ziwa lilikuwa likivusha askari, wapagazi na wafanyabiashara, pamoja na ngoma na nyimbo zao, baina ya Usumbura, Ujiji, Kigoma na ng'ambo ya Kongo. Kiswahili cha mtaa wa Buyenzi jijini, cha Rumonge na cha mialo ya wavuvi kilikulia katika misafara hiyo. Anayekaa hapa, basi, haitazami bendi ya jeshi kama mgeni. Tena ana elimu ya macho aliyoipata kwa kutazama ngoma za Burundi tangu utotoni, na nitaonyesha kwamba elimu hiyo humfaa kuliko maelezo yaliyoandikwa chini ya picha.

Sitaichambua picha moja yenye tarehe na namba ya jalada. Nitaichambua aina, kwa kuwa picha hizi zinafanana mno. Iwe ni askari wa Schutztruppe wa Wajerumani pale Dar es Salaam, iwe ni King's African Rifles wa Waingereza baada ya kuundwa mwaka 1902, iwe ni Force Publique, aliyeitazama vizuri picha moja huweza kukisia mpangilio wa nyingine. Kufanana huko si umaskini wa ubunifu. Ni sheria, na sheria hiyo msomaji wa Kiswahili anaielewa kwa urahisi, kwa sababu amelelewa na ushairi wa arudhi. Gwaride lina mishororo yake, yaani safu. Lina mizani, yaani hatua zilizohesabiwa. Lina vina, kwa maana kila safu huishia kwa mkono, goti na kofia zilizo sawa na za safu iliyotangulia. Hakuna anayemlaumu mshairi wa utenzi kwa kuwa beti zake zina umbo moja. Tunachouliza ni amefanya nini ndani ya umbo hilo. Swali hilohilo ndilo la kuiuliza picha.

Tuanze na pembe. Mpiga picha wa bendi hasimami ubavuni kabisa, kwa kuwa kutoka huko safu hufunikana na kuwa rundo la watu. Hasimami mbele kabisa pia, kwa kuwa kutoka mbele safu ya kwanza huziba zote. Husimama mbele na kando kidogo, ili mistari ianze kwake na kwenda ikipungua hadi mwisho wa uwanja. Pembe hiyo ina ustadi, lakini ina gharama yake. Watu watatu au wanne wa kona ya karibu wanapata uso: unaona jicho, kovu, kidevu. Wa katikati wanapata kofia na ala. Wa mwisho wanabaki madoa yanayojirudia. Jeshi linataka tuamini kwamba wote ni sawa. Kamera, bila kukusudia, inawagawa katika walio watu na walio pambo. Mhakiki akiridhika na nyuso za kona ya karibu atakuwa ameusoma ubeti wa kwanza tu na kudhani amelimaliza shairi.

Nani anapata nafasi hiyo ya mbele? Katika bendi nyingi zilizofuata mtindo wa Kiingereza, safu ya kwanza ni ya wapigaji wa tromboni, na sababu yake ni ya kikazi: mrija wa tromboni husukumwa mbele, nao ukiwa katikati ya kundi ungempiga mgongoni aliyetangulia. Mbele yao, peke yake, yuko kiongozi mwenye fimbo ndefu yenye kichwa cha madini. Pembeni, akiwa ndani ya safu au nje yake kidogo, mara nyingi yuko ofisa wa Kizungu aliyeifundisha bendi. Mpangilio huu unalipa jicho njia ya kupita: fimbo kwanza, ofisa pili, ala zinazong'aa tatu, kisha umati. Fimbo ni ndefu, inang'aa, iko peke yake, na nyuma yake kuna nafasi tupu. Picha nzima imejengwa ili tuseme kwamba hapa ndipo amri inapotoka.

Sasa tutazame chini, kwenye miguu, ambako picha inaanza kutoa habari nyingine. Bendi inayotembea kwa mwendo wa haraka hupiga hatua zipatazo 120 kwa dakika, yaani mbili kila sekunde, na mguu wa kushoto hutua pamoja na pigo zito la ngoma kubwa. Kamera inapokamata sehemu ndogo ya sekunde, inakamata pia sehemu ya mpigo. Miguu ya kushoto ikiwa imetua na ya kulia ikiwa hewani, tunajua kwamba pigo zito limekwisha kulia na jepesi linakuja. Ikiwa ni kinyume, tunajua kwamba mkono wa mpiga ngoma kubwa uko njiani kushuka. Wimbo haumo kwenye karatasi, ila mizani yake imo. Mtu aliyezoea kuhesabu silabi za mshororo anaweza kuzihesabu hapa kwa macho, mguu kwa mguu, na kujua yuko kwenye silabi ipi.

Kwa njia hiyo hiyo tunaweza kuona nani amekosea. Katika safu yenye watu wanane, goti moja likiwa chini wakati mengine yamepanda, kuna mtu aliyechelewa kwa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo imehifadhiwa milele. Sajini bila shaka alimkaripia. Mimi namshukuru, kwa sababu kosa lake linathibitisha kwamba usawa wa wenzake haukuwa tabia ya maumbile. Ulikuwa kazi, ulifundishwa kwa jua na kwa amri, na ulihitaji kulindwa kila hatua. Bila goti hilo tungeweza kudanganyika kwamba miili ile ilizaliwa ikiwa mistari.

Miguu ina ushahidi mwingine. Askari wa Wajerumani kwa kawaida walivaa viatu. Askari wa King's African Rifles na wa Force Publique, hasa katika miongo ya mwanzo, mara nyingi walitembea miguu mitupu. Ukiisoma sare kutoka juu kwenda chini, basi, unakuta tarbushi iliyonyooka, koti lenye vifungo, mkanda, suruali fupi, halafu kitu kinakatika: chini ya yote hayo kuna nyayo zinazokanyaga vumbi. Kichwani dola imetia alama yake, mikononi imetia ala zake za shaba, lakini imekoma kwenye vifundo. Si kwamba dola haikuona. Gwaride ni mahali ambapo kila kifungo hukaguliwa. Kwa hiyo nyayo zile ni uamuzi, nazo zinaeleza kiwango cha matumizi ambacho mtawala alikubali kumtolea mtu aliyemtangazia utukufu wake. Zinaeleza pia jambo la muziki: mguu mtupu hautoi kishindo cha kiatu juu ya changarawe. Pale ambapo bendi ya Ulaya ilisikia nyayo zake kama ngoma ya pili, bendi hii ilitegemea ngoma peke yake.

Hapo tunafika kwenye kiini. Iko wapi ngoma kubwa? Katika mpangilio wa Kiingereza mara nyingi hukaa katikati ya kundi au karibu na katikati, na sababu yake ni ya kikazi kama ile ya tromboni: wote wanatakiwa kuisikia kwa wakati mmoja. Ikiwekwa mbele, walio nyuma huchelewa. Ikiwekwa nyuma, walio mbele hutangulia. Lakini katikati ndipo pembe ya mpiga picha inapopaonyesha vibaya zaidi. Mwenye ngoma kubwa amezibwa na safu zilizotangulia, na ngoma yenyewe imemficha kuanzia kiunoni hadi shingoni. Tunaona duara la ngozi, labda na nembo ya kikosi iliyochorwa kwenye ubavu wake, na juu yake kipande cha uso. Mkono wake mara nyingi umetoka na ukungu, kwa sababu ndio unaokwenda kasi kuliko viungo vyote uwanjani, na kamera za enzi zile hazikuumudu. Mtu ambaye miili yote ya wenzake inamfuata ndiye aliyeonekana kwa uhafifu kuliko wote.

Hiki ndicho kitendawili cha kweli cha picha hii. Jicho linaambiwa lifuate fimbo, miguu inafuata ngoma. Fimbo hutoa ishara: anzeni, simameni, geukeni. Baina ya ishara moja na nyingine, kwa mamia ya hatua, hakuna anayeihitaji. Ngoma haipumziki. Ofisa wa pembeni anaweza kukohoa, anaweza kumgeukia gavana na kumsalimu, na bendi itaendelea. Mpiga ngoma akipotea kwa mapigo mawili tu, gwaride zima litavurugika. Anayetawala kwa macho na anayetawala kwa mwili ni watu wawili, na umbo la picha limemkweza wa kwanza huku kila goti lililopinda ndani yake likimshuhudia wa pili.

Mrundi hahitaji kuthibitishiwa jambo hili kwa hoja ndefu, kwa sababu amekwisha kuliona kwenye umbo jingine. Ngoma ya kifalme ya Burundi, ambayo UNESCO iliitia mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, hupangwa katika nusu duara, na idadi ya ngoma zake huwa witiri. Katikati hukaa ile iitwayo inkiranya. Ngoma ziitwazo amashakwe hushikilia mdundo usiokatika, na ziitwazo ibishikizo hufuata mwelekeo unaotolewa na inkiranya. Wapigaji, abatimbo, huingia kwa mstari mmoja huku wamebeba ngoma nzito kichwani na kuzipiga wakitembea, kisha mstari hujikunja na kuwa upinde. Mstari upo, basi, hata kwetu. Lakini ni njia ya kuingilia, na ukishafika uwanjani hugeuka kuwa kitu kingine.

Tofauti ya maumbo haya mawili inaeleza mengi. Bendi ya jeshi imeelekea upande mmoja, kwa kuwa inakwenda mahali. Nusu duara la wapiga ngoma wa Gishora, karibu na Gitega, limeelekea kitovu chake na watazamaji kwa pamoja, kwa kuwa limekwisha kufika. Katika bendi, anayeshika mpigo amezungukwa hadi akazibwa. Katika nusu duara amezungukwa ili aonekane. Halafu kuna jambo kubwa kuliko yote: inkiranya haina mwenyewe mmoja. Mpigaji hutoka kwenye nafasi yake, huruka, hucheza, huchukua zamu katikati, kisha humwachia mwingine. Mamlaka ya mpigo hupita mkononi mwa mmoja baada ya mwingine mbele ya macho ya watu wote. Katika bendi ya jeshi mwenye ngoma kubwa huanza na ngoma yake na kumaliza nayo, na hakuna wakati wowote wa gwaride ambapo umbo linaruhusu aonekane akiipokea au akiitoa.

Sisemi haya ili kuipamba ngoma yetu kwa sifa isizostahili. Ilikuwa ngoma ya mfalme, na Karyenda, ngoma takatifu, ilihusika na sherehe ya Umuganuro iliyofungua msimu wa kupanda mtama. Nguvu ilikuwamo ndani yake, na nguvu huwa na wenyewe. Hata leo inagawa watu: amri ya rais ya Oktoba 2017 iliwazuia wanawake kuipiga na ikataka maonyesho yake yapewe kibali. Nusu duara lina mlango, na mlango una mabawabu. Ninachokisema ni cha umbo. Aliyezoea kutafuta inkiranya kwa macho, kabla hajatafuta kitu kingine chochote, ataitazama picha ya bendi ya jeshi kwa kuanzia katikati. Hatakubali kuongozwa na fimbo. Ataliondoa pazia la tromboni na kuuliza: yule wa ngoma yuko wapi?

Historia ilimpa Mrundi huyo ushahidi wa ajabu kwa muda mfupi. Burundi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962, bendera ya ufalme ilikuwa na msalaba mweupe wa pembe kwa pembe juu ya nyekundu na kijani, na ndani ya duara la katikati palichorwa Karyenda na mtama. Bendera hiyo ilidumu hadi ufalme ulipoondolewa Novemba 1966, na mwaka uliofuata nyota tatu zilichukua nafasi katika duara hilo. Tafakari maana yake kwa picha yoyote ya gwaride iliyopigwa Bujumbura katika miaka hiyo michache: chini kuna bendi iliyopangwa kwa kanuni za majeshi ya Ulaya, ngoma yake ikiwa imezama katikati ya watu, juu kuna kitambaa ambacho katikati yake ngoma imewekwa wazi, imezungukwa na weupe, haijazibwa na kitu. Maumbo mawili ya kuieleza nguvu yako ndani ya fremu moja. La juu linamfundisha mtazamaji jinsi ya kulisoma la chini.

Wa kwanza kuyasoma maumbo haya hawakuwa wahakiki wenye kalamu. Walikuwa watu wa pwani ya Waswahili. Kuanzia miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, vijana walitunga ngoma ya beni kwa kuitazama bendi ya jeshi, na mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari yake katika kitabu cha mwaka 1975. Mombasa kulikuwa na vyama vya Kingi na Skochi. Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti, vyama viwili vilivyoshindana mji kwa mji. Walikuwa na vyeo vya kijeshi na vya kifalme, walikuwa na sare, walikuwa na gwaride. Vita vya kwanza vya dunia vikawasukuma askari na wapagazi kutoka pwani hadi maziwa makuu na kusini kabisa, na beni ikasafiri nao hadi Kongo na hadi machimbo ya shaba ya Zambia, ambako ngoma ya kalela ilibeba sura yake.

Watawala waliiangalia kwa wasiwasi: wengine waliona mzaha, wengine walihofia njama. Nadhani wote waliikosa shabaha, kwa sababu walitazama sare na vyeo, yaani walitazama fimbo. Beni ilikuwa imechukua kitu cha ndani zaidi. Ilikuwa imechukua hatua na ngoma, ikaviondoa chini ya ofisa, ikaviweka chini ya watu waliochaguana wenyewe. Huo ni uhakiki kamili wa umbo: kugundua ni sehemu ipi inayolibeba umbo zima, kisha kuonyesha kwamba sehemu hiyo inaweza kusimama bila kile kilichodai kuibeba. Mpiga picha aliandika kwa mwanga kwamba bendi haiwezi kwenda bila mwenye fimbo. Vijana wa Mombasa walijibu kwa miguu kwamba inaweza.

Ushahidi wa hoja hii uko hata kwenye ala. Kando ya Ziwa Nyasa, katika ngoma ya malipenga ya Malawi, wanaume walioliona gwaride hawakuwa na shaba ya kutosha, wala hawakuisubiri. Walitengeneza tarumbeta kwa vibuyu, wakatia utando unaotetemeka, na kuziimbia ndani. Safu zikabaki, mavazi meupe safi yakabaki, ngoma kubwa ikabaki. Shaba, ambayo kwenye picha ndiyo inayong'aa kuliko vyote, ilionekana kuwa ndiyo inayoweza kuachwa kwa urahisi kuliko vyote. Zanzibar nayo beni ingali hai kwenye harusi, na maandamano ya kufungulia tamasha la Sauti za Busara yamekuwa yakiongozwa na tarumbeta na ngoma zake mitaani. Kizazi cha leo kinacheza nyuma yake bila kujali nani alikuwa gavana.

Hapa ule mfano wa arudhi unaonyesha faida yake. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974, alivunja vina na mizani, na mjadala uliofuata ukagawa ushairi wa Kiswahili pande mbili: wa kuvunja na wa kulinda. Beni ilikuwa imekwisha kuonyesha njia ya tatu. Haikuvunja safu. Haikuilinda kwa ajili ya aliyeileta pia. Ilikaa ndani ya mizani ileile, hatua ileile, ikabadilisha anayehesabu. Tunapoiona picha ya bendi ya jeshi kama alama ya utumwa peke yake, tunasahau kwamba kulikuwa na macho uwanjani yaliyokuwa yakijifunza, na yaliyokuwa yakijifunza jambo sahihi.

Macho hayo mara nyingi yamo pichani. Yako pembeni: watoto wanaokimbia sambamba na safu, mwanamke aliyesimama na mzigo kichwani, mtu aliyeegemea mti. Mpiga picha hakuwaalika; waliingia kwa kuwa uwanja haukuwa na ukuta. Ndani ya gwaride hatua zote ni moja, ila watoto wale wanakimbia kila mmoja kwa mwendo wake, na wengine wanaigiza. Ukingo wa picha ndio mahali ambapo kanuni inapokutana na wasioapa kuifuata. Jinsi ukingo unavyoweza kukwapua kitovu tunaijua kutokana na picha aliyoipiga Robert Lebeck pale Léopoldville tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru wa Kongo: mfalme Baudouin wa Ubelgiji amesimama katika gari la wazi na sare yake nyeupe, na kijana mmoja, Ambroise Boimbo, aliyetokea kwenye umati, anakimbia na upanga wa mfalme mkononi. Protokoli yote ya msafara ule imesahaulika. Aliyetoka ukingoni ndiye aliyebaki.

Kuna ambao hata ukingoni hawamo. Jeshi lililotembea na bendi lilitembea na wapagazi, na wapagazi hawakupangwa safu wala hawakupigiwa tarumbeta siku za sherehe. Katika vita vya 1914 hadi 1918 walikufa kwa njaa, magonjwa na uchovu. Kwa upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa ni zaidi ya 90,000. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu yao. Mhakiki wa umbo anapaswa kuzitaja nafasi tupu pia, kwa sababu unadhifu wa safu zile umetegemea migongo iliyobaki nje ya fremu. Masanduku ya ala hayakufika uwanjani yenyewe.

Mtu anaweza kunikatiza hapa na kusema kwamba Burundi inazo sababu zake za kutoliangalia gwaride kwa utulivu wa mhakiki. Ni kweli. Kwa familia nyingi za hapa sare ya jeshi inakumbusha mauaji ya mwaka 1972, inakumbusha mwaka 1993 na vita vilivyofuata, na hakuna uchambuzi wa pembe na miguu unaoweza kufuta hilo. Lakini umbo lenyewe limepita katika historia hiyo na kutoka na maana mpya. Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliweka kanuni kwamba hakuna kabila litakalozidi nusu ya jeshi. Waliokuwa wakipigana walikuja kuvaa sare moja na kusimama safu moja. Usawa wa magoti, ambao katika picha ya kikoloni ulificha nani alimlazimisha nani, katika gwaride la baada ya vita ulikuwa ndio ahadi iliyoombwa: kwamba mtazamaji asiweze kumtofautisha mtu na jirani yake kwa asili. Mstari uleule, mizani ileile, na maana imegeuka, kwa kuwa masharti ya kuingia ndani yake yamegeuka. Ahadi hiyo imetimizwa kwa kiasi gani ni swali la raia wote, na picha haiwezi kulijibu. Inaweza tu kutukumbusha mahali pa kuangalia: nani yuko katikati, na alifikaje pale.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa walio na picha hizi. La kwanza ni kwa hifadhi za nyaraka. Mikusanyiko mikubwa, kama ile ya Walther Dobbertin, mpiga picha aliyekuwa na studio Dar es Salaam wakati wa Wajerumani na ambaye picha zake sasa ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, inatambulishwa kwa jina la mpiga picha, mahali na neno la jumla kama askari. Maelezo hayo yanafuata njia ya fimbo. Yanaweza kuandikwa upya kwa kufuata njia ya ngoma: ala zipi zinaonekana, zimepangwaje, mguu upi umetua, nani amesimama ukingoni. Huo ni ushahidi ulioko tayari kwenye karatasi, na haugharimu chochote ila muda wa kutazama. La pili ni kwa familia za Buyenzi, Ruziba, Rumonge, Kigoma na Ujiji ambazo babu zao waliwahi kuvaa sare hizo: kama kuna jina linalojulikana, liandikwe nyuma ya picha, na lianze la aliye katikati.

Sidai kwamba mpiga ngoma kubwa alikuwa huru, wala kwamba alijiona mtawala. Pengine alichoka, kamba ilimkata bega, na alitamani gwaride liishe. Nadai jambo lililo dogo na lililo imara zaidi: kwamba katika picha hii kuna mashahidi wawili. Mpiga picha, kwa pembe aliyoichagua, alimpa mwenye fimbo nafasi ya kwanza. Miili yote iliyomo, kwa kila mguu uliotua, ilimpa nafasi hiyo mwenye ngoma. Pembe huchaguliwa na mtu mmoja aliyesimama nje ya safu. Miguu ni ya walioutembea mpigo wenyewe. Mashahidi hao wakipingana, mhakiki hana budi kuziamini nyayo.